Leonidas anavua kaske

Jumamosi tuliangalia tena 300, ile filme ya Zack Snyder ya 2006, na tena tukabishana. Wenzangu wanasema ni misuli tu. Mimi nasema iko na dakika moja ya kweli: kule mwisho, Leonidas anavua kaske yake na kuitupa chini, sababu inamziba pumzi na kumnyima kuona mbali.

Ni hivyo kabisa. Kaske ile ya Korinto ilifuliwa kwa bronzi, ikafunika uso mpaka kidevu. Masikio hayana tundu. Sasa amri ya mkubwa utaisikia namna gani?

Kosa la filme ni kuishia hapo, kama vile Wagiriki wenyewe hawakuona shida. Waliiona! Mafundi wengine wakakata nafasi ya masikio. Baadaye Wasparta wakavaa pilos, bronzi yenye umbo la kofia ya kawaida ya sufi, ncha juu, uso wazi. Haitishi mtu, ndiyo maana hutaikuta kwenye filme hii. Na Xenofoni, mtu wa farasi, katika karne ya 4 mbele ya Kristo aliwashauri wapanda farasi wachukue kaske ya Boiotia: inakinga kichwa na haizuii macho.

Inayonichekesha ni ya Italia ya kusini. Askari walizoea kuisukuma ya Korinto juu ya paji wakati hakuna vita. Basi mafundi wa kule wakatengeneza ya kukaa juu vile siku zote. Tundu za macho zikabaki pambo, zingine zimechorwa tu. Hakuna anayechungulia humo.

Hiyo namna ya kuvaa tunaijua hapa Butembo. Motari, na wengi ni walisansie wenzetu, kaske iko juu ya paji, mkanda haujafungwa. Anaishusha akiona polisi. Nilikuwa nawalaumu sana, mpaka siku tulipoanguka kwenye mteremko wa Furu. Kaske yangu ya mteja, isiyo na mkanda, ilifika chini mbele yangu. Nilishonwa nyuzi sita.

Nikamuuliza motari kwa nini ya kwake aliipandisha. Akasema: « Mukubwa, vumbi imekwaruza kioo, sioni. Na nikiifunga, honi ya Fuso siisikii. »

Siku hizi anavaa ya uso wazi, na mkanda anafunga. Ya mteja ingali ile ile.