Nani Yuko Macho Saa Nane Usiku? Kupima Makazi ya Wastaafu Dallas na Houston

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, lakini katika biashara ya makazi ya wastaafu Texas vyote viwili hujitembeza. Kuanzia Frisco na Plano karibu na Dallas mpaka Katy na Sugar Land karibu na Houston, mabango yanaonyesha wazee wenye meno meupe wakicheza gofu, na ukumbini mgeni hupokelewa na piano, maua mabichi na harufu ya biskuti zinazotoka jikoni. Mzee akianguka bafuni saa nane usiku, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomfaa. Ndiyo maana mtu anayejua kupima huanza na swali kavu: mahali hapa kisheria panaitwaje, na kwa jina hilo nani analazimika kujibu mambo yakiharibika? Wengi hutafuta bei nafuu kwa njia moja na usalama kwa njia nyingine. Ninavyoona, vyote viwili husomwa katika karatasi zilezile, na atakayezisoma vizuri hatadanganywa na piano.

Kwanza, jina. Jengo kubwa la vyumba vya kupanga kwa wazee wanaojitegemea, hata liwe na chumba cha kulia chakula na basi la kwenda dukani, machoni pa serikali ya Texas ni nyumba ya kupanga tu. Idara ya Afya na Huduma za Jamii ya jimbo hailipatii leseni wala hailikagui kama inavyokagua makazi ya kusaidiwa, yaani yale ambako mzee husaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Haya ya pili yana leseni ya aina mbili. Aina A ni ya mtu anayeweza kutoka nje mwenyewe moto ukizuka. Aina B ni ya yule anayehitaji kushikwa mkono. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka usome kanuni za zamu ya usiku: katika Aina B lazima mhudumu awe macho usiku kucha, lakini katika nyumba ndogo ya Aina A, yenye vitanda 16 au chini ya hapo, inatosha awe karibu, hata kama amelala. Mzee mwenye kisukari anayeamka mara tatu usiku, au aliyeanza kusahau mlango wa choo uko wapi, hafai kuwekwa Aina A kwa sababu tu ni rahisi kwa dola mia chache. Kuna pia ngazi ya chini zaidi. Sheria ya jimbo inadai leseni pale panapohudumiwa watu wanne au zaidi wasio ndugu wa mwenye nyumba. Wakiwa watatu, nyumba inaweza kuendeshwa bila leseni hiyo. Nyumba za namna hii zipo katika mitaa ya kawaida kabisa, na bei yake huvutia. Baadhi zinaendeshwa kwa upendo mkubwa. Lakini upendo hauna ripoti ya ukaguzi, na makazi yenye leseni yana ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure katika tovuti ya idara. Isome kabla ya kwenda kutembezwa, siyo baada.

Wapo watakaosema kwamba atakayelipa vizuri atakuwa salama, kwa kuwa pesa hununua geti, kamera na mlinzi. Eneo la Dallas limetoa jibu chungu kwa hoja hiyo. Billy Chemirmir, mzaliwa wa Kenya aliyewahi kufanya kazi ya kutunza wazee, alikamatwa Machi 2018 na hatimaye akashtakiwa kwa mauaji ya wazee 22 katika kaunti za Dallas na Collin. Alihukumiwa mara mbili mwaka 2022, na mwaka uliofuata akauawa gerezani. Wengi wa marehemu waliishi katika majengo ya gharama ya watu wanaojitegemea, na Chemirmir aliingia kwa kujifanya fundi au mtu wa huduma za afya. Vifo vingi viliandikwa mwanzoni kuwa vya kawaida, ingawa familia zilikuta vito vimetoweka. Mtu alikuwa mzee, amekutwa amekufa, basi. Nani angeuliza zaidi? Kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki kisa hiki kina uchungu wa ziada, kwa kuwa maelfu ya watu wetu hupata riziki kwa kutunza wazee wa Texas, na kwa hiyo tuna sababu mbili za kutaka milango ilindwe vizuri. Kinachopimwa hapa ni nidhamu ya mlango, siyo unene wa geti: je, mgeni huandika jina na kuonyesha kitambulisho? Fundi hutangazwa kabla ya kubisha? Mlango wa nyuma, ule wa karibu na maegesho, hufungwa au huwekewa jiwe usijifunge? Uongozi huwaambia wapangaji wote pakitokea wizi? Swali hili la mwisho waulize wapangaji wenyewe, mezani wakati wa chakula, mtu wa mauzo akiwa hayupo.

Houston ina mtihani wake, nao ni maji na umeme. Wakati wa kimbunga Harvey, Agosti 2017, picha ya wazee wameketi katika maji yaliyowafika kiunoni ndani ya makazi yao huko Dickinson ilizunguka dunia nzima. Zaidi ya nusu ya nyumba zilizofurika katika Kaunti ya Harris zilikuwa nje ya mstari wa ramani unaoonyesha bonde la mafuriko, kwa hiyo ramani peke yake si ushahidi wa kutosha. Tangu Januari 2022, sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba amjulishe mpangaji kwa maandishi kama nyumba iko katika bonde la mafuriko na kama anajua iliingiliwa na maji katika miaka mitano iliyopita. Ni sheria nzuri, ila piga hesabu: miaka mitano haiifikii tena Harvey. Mpangaji makini atauliza kwa jina, "Mwaka 2017 maji yalifika wapi?" na atataka jibu la maandishi. Umeme nao usidharauliwe. Baridi kali ya Februari 2021 iliua watu 246 kwa hesabu rasmi ya jimbo, na kimbunga Beryl, Julai 2024, kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili wa Houston na vitongoji vyake katikati ya joto la kiangazi. Katika majengo ya ghorofa wazee walikwama juu kwa sababu lifti hazikufanya kazi. Ukiambiwa jenereta ipo, endelea kuuliza: inaendesha lifti na kipoza hewa, au taa za korido tu? Ina mafuta ya saa ngapi? Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni na aliye ghorofa ya tatu anastahili jibu la kila swali kati ya hayo, na kama majibu hayapo, ghorofa ya chini ni bora kuliko mandhari yoyote.

Sasa bei, ambako neno "nafuu" huficha mambo mawili tofauti. Nyumba za mpango wa shirikisho unaoitwa Section 202, kwa wenye miaka 62 na zaidi, humtoza mpangaji takriban asilimia 30 ya kipato chake. Mwaka 2025 posho ya juu ya SSI, msaada wa shirikisho kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, kwa mtu mmoja ilikuwa dola 967, kwa hiyo anayeishi kwa posho hiyo pekee angelipa pango la karibu dola 290. Lakini majengo mengi mapya ya wazee yenye bango la "nafuu" yamejengwa kwa mpango wa mwaka 1986 unaompunguzia mwekezaji kodi ya mapato. Humo pango hufuata kipato cha kati cha eneo zima, siyo mfuko wa mpangaji, na kikomo chake kwa chumba kimoja cha kulala, katika ngazi ya asilimia 60 ya kipato hicho, Houston na Dallas kimepita dola 1,000. Yaani kwa mzee wa SSI nyumba hiyo ya "nafuu" ni ghali kuliko posho yake yote, labda awe na vocha ya kulipia pango. Mzazi aliyeletwa na mwanawe kwa kadi ya kijani kwa kawaida hapati hata hiyo SSI kabla ya kuwa raia. Tena Medicare, bima ya afya ya wazee, hailipii makazi ya kusaidiwa. Familia nyingi huligundua hilo baada ya kusaini.

Kuna pia makazi ya kulipia kiingilio kikubwa kwa ahadi ya kutunzwa maisha yote na kurudishiwa sehemu ya fedha. Hayo husimamiwa na Idara ya Bima ya Texas, ambayo huyataka yatoe taarifa ya hali ya fedha. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea mhasibu. Edgemere ya Dallas, jengo la kifahari lenye viingilio vya mamia ya maelfu ya dola, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Aprili 2022, na familia zilizokuwa zikidai marejesho zikajikuta kwenye foleni ya wadai.

Pingamizi la mwisho husemwa na Waswahili wenyewe: sisi hatuwapeleki wazazi nje. Ni pingamizi la heshima, na kwa nyumba yenye watu ndani ni sahihi. Lakini pale mwana na mkwe wote wako zamu za saa 12, mama hushinda peke yake katika kitongoji kisicho na basi, mlango umefungwa, simu tu mkononi. Ipime nyumba yako kwa vipimo vilevile: nani yuko macho, nani anafungua mlango, umeme ukikatika nini kitatokea. Na hata ukiamua abaki kwako, ombi la Section 202 linaweza kuandikwa leo, katika majengo kadhaa kwa wakati mmoja. Orodha za kusubiri huenda kwa miaka, nyingine hufungwa kabisa kwa muda, na jina likifikiwa kabla hamjawa tayari mnaruhusiwa kukataa, ila ulizeni kwanza kama kukataa kutalirudisha jina hilo mwisho wa foleni.