Pango, Picha na Ngano: Juu ya Lugha ya Kuwasimulia Watoto Habari za Watu wa Kale

Mtoto wa Mata, katika tambarare za Taveta upande wa Ziwa Jipe, huingia darasani akiwa amekwisha kusikia lugha kadha wa kadha: Kitaveta, Kitaita, Kikamba, na Kipare cha ng'ambo ya mpaka. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na wenzake. Anapofundishwa habari za binadamu wa kale na picha za mapangoni, mapango yanayosifika kwa picha hizo yako mbali naye, huko Kolo katika Kondoa, nchini Tanzania. Hivyo picha atakayoijenga akilini itategemea sana maneno atakayopewa, na maneno hayo yanastahili kuhakikiwa kama yanavyohakikiwa maneno ya ngano au ya utenzi.

Istilahi ya kwanza yenye kasoro ni "kabla ya historia". Hiyo ni tafsiri sisisi ya fikra ya Ulaya, ambako historia ilihesabiwa kuanza pale maandishi yalipoanza. Katika jamii zilizohifadhi nasaba, uhamaji na mashauri ya koo kwa mdomo, istilahi hiyo haimtoi nje ya historia mchoraji wa Kolo peke yake. Inamtoa pia babu wa mwanafunzi. "Zama za mawe" ni jina finyu, lakini angalau halina tusi.

Lenye hatari zaidi ni "watu wa mapangoni". Katika milima ya Taita, jirani kabisa na Mata, mafuvu ya wazee yalifukuliwa baada ya maziko na kuwekwa chini ya miamba, na watu walikwenda huko kutambika penye ukame au maradhi. Baadhi ya mafuvu hayo yangalipo. Kwa hiyo, kwa mtoto wa Kitaita, pango ni mahali pa heshima, pengine na pa hofu. Mwalimu anayelitaja kama makao ya watu wasiojua lolote anaharibu mambo mawili kwa mpigo: elimu ya kale, na adabu ambayo mtoto ameletwa nayo kutoka nyumbani.

Ipo pia fomula ya kufungulia. "Hapo zamani za kale" ni mlango wa ngano. Hadhira ikiusikia humtazamia Sungura na Fisi. Fanani wa darasani akiutumia kwa wachoraji wa Kondoa, watoto watawaweka wachoraji hao katika nchi ya wanyama wasemao. Ni kweli kwamba fomula hiyo huwavuta watoto, na mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kulaumiwa sana kwa kuipenda. Lakini gharama yake ni kubwa.

Mfano bora wa tatizo hili ni picha moja ya Kolo. Inaonyesha watu watano waliopakwa kwa rangi nyekundu, yaani ngeu, ambayo maseremala wanaifahamu. Aliye katikati ameshikwa mikono na walio pande zake. Mary Leakey, aliyenakili picha za Kondoa mwaka 1951 na kuzitoa katika kitabu mwaka 1983, aliisoma kama jaribio la kumteka mwanamke. Baadaye watafiti wengine waliihusisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo Eric ten Raa aliiandikia katika miaka ya 1970, wakaona kwamba aliye katikati huenda amepagawa na wenzake wanamshikilia asianguke. Picha ni ile ile. Kisa cha kwanza ni cha jeuri, cha pili ni cha uganga.

Hapa sarufi yenyewe inashiriki. Kiambishi -ka- hufunga tendo kwa tendo: wakaja, wakamshika, wakamvuta. Msimulizi akishaingia katika mkondo huo hana tena nafasi ya kusema "huenda". Mwamba haukutoa mfuatano wowote; umetoa mikono iliyoshikana tu. Njia ya uaminifu ni kuanza na kauli ya hali, "wamesimama, wameshikana", kisha kuwaachia watoto watoe visa viwili au vitatu vyenye -ka- zao wenyewe. Hapo wataona pia jinsi usimulizi unavyozaliwa.

Kisa kilicho karibu zaidi na Mata kinatoka Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kaburi lililogunduliwa humo lina umri wa miaka 78,000 hivi. Aliyezikwa alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na mkao wa mifupa unaonyesha kwamba yamkini alivikwa sanda na kichwa chake kikategemezwa. Jina la mahali litamkanganya mwanafunzi: katika Kimijikenda *panga* ni pango, naye atafikiria upanga wa kufyekea. Jina la marehemu ni gumu zaidi. Watafiti walimwita Mtoto, na katika Kiingereza chao neno hilo likawa jina la pekee. Likirudi katika Kiswahili linapotea: "Mtoto alizikwa" ni sentensi inayomhusu mtoto yeyote, hata yule anayeisikiliza. Herufi kubwa peke yake ndiyo inayolitofautisha, na herufi kubwa haisikiki. Msimulizi itambidi aseme "Mtoto wa Panga ya Saidi" kila mara, au aliache neno lilivyo na kuyasubiri maswali ya darasa.