Ubeti wa Mlimani: Kuusoma Mtihani wa Perimi kutoka Rwezamenyo

Gari limesimama mlimani, pua juu. Feri ya mkono imevutwa, gia ya kwanza imeingia, mguu wa kushoto umekanyaga ambreyaje mpaka chini. Mtahiniwa anauinua mguu huo taratibu mpaka anasikia sauti ya injini ikizama na bodi ikitetemeka kidogo. Hapo ndipo analegeza feri. Gari likipanda, amevuka. Likirudi nyuma au likizima, kila aliyepo ameona.

Hiyo ndiyo demaraje. Kwa Kifaransa neno hilo maana yake ni kuondoka tu, popote pale, hata tambarare. Kwetu Rwezamenyo, sekta ndogo ya Wilaya ya Nyarugenge iliyolala kwenye mteremko wa Nyamirambo, mwanafunzi wa otoekole, yaani shule ya udereva, akitaja demaraje amekusudia mlima. Neno lilikuja na Wabelgiji, likapanda kilima cha Kigali, na halijateremka tena.

Mazungumzo mengi ya mabarazani kuhusu mtihani wa perimi, yaani leseni ya udereva, ni ya maudhui: ni mgumu, si mgumu, fulani kaanguka mara tatu. Mimi nataka kuusoma kwa upande wa fani, kama tunavyosoma shairi: una beti ngapi, kila ubeti unamdai nini msomaji, kituo kinaangukia wapi. Naamini fani ya mtihani ndiyo inayomfundisha dereva, kuliko yote aliyoambiwa darasani. Mtu husahau maneno ya mwalimu, lakini mwili wake haukisahau kile ulichopimwa nacho.

Ni haki usomaji huu ufanywe kwa Kiswahili. Lugha hii ilikaa Kigali katika mitaa ya Waislamu, Biryogo na jirani zake, ambako enzi za Wabelgiji paliitwa Kambi ya Waswahili. Shule nyingi zilikuwa za misheni, kwa hiyo Waislamu wengi wa Rwanda wakashika biashara, ufundi wa magari na udereva. Kabla Kiswahili hakijatangazwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kilikuwa tayari lugha ya gereji na ya usukani. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayesema klachi na breki ya mkono atuvumilie. Hapa kitendo kinasimuliwa kwa Kiswahili, vifaa vinaitwa kwa Kifaransa, na amri hutolewa kwa Kinyarwanda. Mtahiniwa hubeba lugha tatu ndani ya gari moja.

Mlango wa kuingilia ni wa maandishi. Unajiandikisha kwa Irembo, tovuti ya huduma za serikali ambayo jina lake kwa Kinyarwanda ni lango hasa, kisha unafanya mtihani wa sheria za barabarani ili upate perimi ya muda. Maswali ni 20, na ukipata 12 umefaulu. Fani yake ni ya kuchagua: jibu sahihi limekaa mbele yako pamoja na majibu ya uongo, nawe unalitambua. Unaruhusiwa kukosa manane. Sina mengi ya kusema hapa, ila kwamba umbo hili linamzoesha mtu kuamini kuwa kila hali ya barabarani huja na majibu yaliyokwisha kuandikwa.

Mtihani wa vitendo unaivunja imani hiyo. Hauna majibu ya kuchagua, na hauna kifutio. Koni ikiguswa imeguswa.

Tuanze na koni. Kupita katikati yake kwa kupindapinda, kurudi nyuma na kuliingiza gari katika nafasi yake, kuegesha bila kugonga wala kupitiliza: hizi ni beti zenye mizani kali. Koni ndizo vina. Zimepangwa kabla hujafika, umbali wake hauongezwi kwa sababu umekuja na hofu, na hazijali kama wewe ni mtoto wa mfanyabiashara au wa fundi. Napenda usawa huo. Anayejifunza kuandika kwa vina hujifunza kwanza kuwa neno lina urefu. Anayejifunza kwa koni hujifunza kuwa gari lina upana, lina mkia, na kwamba mkia huo hufuata njia yake tofauti na pua. Hakuna swali la maandishi linaloweza kumfundisha mtu hilo.

Lakini vina vina hatari yake. Mwanafunzi hukariri: usukani uzungushwe mara moja na nusu koni ya pili ikionekana kwenye kioo, unyooshwe ya tatu ikitokea. Anaandika shairi lililokwisha kuandikwa na mwalimu wake. Msogezee koni hatua moja, ubeti wote unavunjika.

Demaraje haikaririki namna hiyo, na ndiyo sababu naiona kuwa ubeti bora wa mtihani mzima. Mteremko ukibadilika, uzito wa gari ukibadilika, mahali pa ambreyaje kushika napo hubadilika. Mtahiniwa hana koni ya kutazama. Ana sikio na wayo wa mguu. Anatakiwa ashikilie nguvu mbili zinazopingana, moja ya kupanda na moja ya kushuka, azisawazishe kwa muda mfupi, kisha aachilie moja tu. Katika ushairi tungesema hapo ndipo kituo cha ubeti kilipo: pumzi inakatwa, na maana inategemea namna utakavyoirudisha. Tena ubeti huu umetoka katika ardhi yenyewe. Jiji limejengwa juu ya vilima, na mtu anayeishi Rwezamenyo hukutana na demaraje kila foleni inaposimama njiani kuelekea mjini, pikipiki ya abiria ikiwa imemganda nyuma. Fani na maudhui hapa ni kitu kimoja.

Ubeti huo sasa umepata sura nyingine. Tangu Novemba 2024 Polisi ya Taifa ya Rwanda inawapima pia watahiniwa kwa magari ya otomatiki, na anayepita kwa gari hilo hupewa perimi ya magari ya aina hiyo pekee. Nauunga mkono uamuzi huu. Magari mengi yanayoingia mjini hayana tena ambreyaje, na si haki kumpima mtu kwa pedali ambayo hataikanyaga maishani. Ila mhakiki lazima aone kilichoondoka. Mlima upo, kituo hakipo. Mguu unahama kutoka breki kwenda kwenye mafuta, na gari linapanda. Ubeti uliokuwa kilele cha mtihani umekuwa mstari wa kupita, na uzito wake haujahamishiwa mahali pengine.

Msikilizaji naye amebadilika. Zamani alikuwa mmoja: afisa wa polisi mwenye karatasi, kimya chake kikiwa sehemu ya mtihani. Watahiniwa walikisoma kimya hicho kama wasomaji wanavyosoma nafasi nyeupe kati ya beti, wakatafuta ndani yake huruma au hukumu. Mwaka 2024 kilifunguliwa kituo cha mitihani cha Busanza, Wilaya ya Kicukiro, ambako vihisi na kamera hufuata mwendo wa gari na kompyuta hutoa alama. Mashine haina ndugu wala haipokei kitu, na hilo ni jambo la kushukuru katika ukanda wetu ambako perimi za kununua zimeua watu. Lakini mashine husoma mizani vizuri kuliko inavyosoma maana. Inajua kama gurudumu limevuka mstari. Sidhani inajua kama dereva alimtazama mtoto machoni.

Ndipo ninapofika kwenye barabara. Kuendesha katikati ya watu si sawa na kuendesha katikati ya koni, kama shairi huru lisivyo sawa na lile la vina. Tunaukumbuka ubishi ulioshika moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974: wapo waliosema pasipo vina na mizani hapana shairi. Kumbe shairi huru lina nidhamu yake, na ni ngumu kwa kuwa mtunzi hapewi umbo, analitafuta kila mstari. Barabara ya Rwezamenyo ni hivyo. Mama ameshika mkono wa mtoto ukingoni. Pikipiki inageuza bila kuashiria. Vijana wanatoka kituo chao cha Club Rafiki na mpira wa kikapu, wakibishana, hawatazami gari. Kila kimoja ni mstari ambao hukuukariri.

Mwaka 2019 polisi walianzisha kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro. Yatazame maneno hayo mawili kwa fani tu. Gera ni fika, na ile -yo ya mwisho ni huko, huko unakokwenda. Amahoro ni amani. Amri haisemi endesha, wala haisemi shika sheria. Inasema fika huko kwa amani. Na haikutaja gari, kwa hiyo inamhusu pia yule anayevuka kwa miguu. Kwa maneno mawili kampeni imeueleza udereva vizuri kuliko uwanja mzima wa koni, kwa sababu imempa nafasi mtu wa pili.

Mtu huyo wa pili ndiye ninayemkosa katika umbo la mtihani. Koni hazivuki barabara. Kwa hiyo naliomba jeshi la polisi jambo moja: uzito ulioiacha demaraje ya otomatiki upelekwe barabarani. Sehemu ya barabara iwe ndefu kuliko ya uwanjani, ipite katika mitaa ya makazi kama hii yetu, na ifanyike saa za alasiri watoto wanapotoka shule. Nawe unayejiandaa, ukishamaliza zamu yako ya koni, mwombe mwalimu akupitishe Rwezamenyo saa hiyo, polepole, dirisha likiwa wazi.