Kompyuta ya Kujitolea na Jua la Salamabila

Katika majaribio ya kwanza ya mradi wa MalariaControl.net, kompyuta za watu wapatao 500 waliojitolea zilimaliza hesabu ambazo kompyuta moja ingezihangaikia kwa takriban miaka 150. Takwimu hiyo ilitangazwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, mwezi Julai 2006, pale mpango mzima ulipozinduliwa kwa jina la Africa@home. Ni takwimu tamu, na wengi walioandika kuhusu mradi huo walianza nayo. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana: umeme wa kompyuta hizo 500 ulilipwa na nani? Kwa mtu wa Basel au Toronto swali hilo halina uzito, maana kompyuta yake inawaka hata akiwa chooni. Salamabila, huku kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ndilo swali la kwanza, na mtu akikosa kulijibu asisogelee hata kibodi.

Nianze na jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa sababu ilifanyika kwa ustadi.

CERN ilikuwa na uzoefu tayari. Mwaka 2004, ikiadhimisha miaka 50 tangu kuundwa, ilianzisha LHC@home, ambapo watu wa kawaida waliikopesha kompyuta zao ili zikokotoe mienendo ya chembe ndani ya mtambo mkubwa uliokuwa bado unajengwa. Programu iliyoshika usukani ilikuwa BOINC, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 na kikosi cha David Anderson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, baada ya mafanikio ya mradi wa kujitolea wa SETI@home. Ndipo Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, wakati huo ikiwa na makao Basel, ilipoleta tatizo lake la malaria. Chuo Kikuu cha Geneva kikaingia, pamoja na mashirika ya ICVolunteers na Informaticiens Sans Frontières, na wanafunzi wa vyuo vya Afrika wakashiriki kuiandaa programu ikubali kuendeshwa kwenye kompyuta za watu wasiojuana.

Tatizo la Basel lilikuwa hili. Walikuwa na modeli ya malaria inayomfuatilia mtu mmoja mmoja katika kijiji cha kubuni. Mtu anazaliwa, anaumwa na mbu, anapata vimelea, kinga yake inakua polepole, anaugua, anapona au anafariki, na kalenda ya modeli inasogea kwa hatua za siku tano tano. Kila tukio linaamuliwa kwa namba za bahati nasibu. Ukiiendesha modeli mara moja hujajua kitu. Inabidi uirudie mara nyingi, kwa vijiji vyenye mbu wengi na vyenye mbu wachache, kwa vyandarua na bila vyandarua, kisha ulinganishe matokeo na yale yaliyopimwa kweli mashambani. Sehemu ya vipimo hivyo ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero nchini Tanzania karibu na Ifakara, kilichunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikaonekana kwamba mkazi wake aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mpangilio wa misimu ya mbu wa Namawala ukawa kipimo cha kuanzia katika hesabu nyingi za modeli hiyo. Kwa hiyo mbu wa Kilombero walikuwa wakiuma tena na tena ndani ya kompyuta za Ulaya na Marekani, usiku wenye kompyuta wamelala.

Kazi ya namna hii inakatika vizuri. Kijiji cha kubuni namba moja hakikisubiri namba mbili. Seva inatoa faili dogo lenye maelezo ya kijiji na namba ya kuanzishia bahati nasibu, kompyuta ya mbali inakokotoa, inarudisha jibu, basi. Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kujiunga, pamoja na mwenye kompyuta mbovu na mwenye nia mbovu, BOINC inaruhusu kazi ileile ipewe kompyuta mbili au zaidi na jibu likubaliwe tu zikipatana. Hapa pana mtego ambao wengi hawautarajii. Kompyuta mbili nzima kabisa, moja ya Linux na nyingine ya Windows, zinaweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho ya logariti au saini ya pembe, na katika hesabu zenye mamilioni ya hatua tofauti hiyo inavimba. Watu wa LHC@home walilazimika kutumia maktaba maalumu ya hesabu, crlibm ya Wafaransa wa Lyon, ili mashine zote zikadirie tarakimu kwa namna moja. Kwangu mimi huo ndio uhandisi hasa wa fani hii. Kugawa kazi ni rahisi, kuliamini jibu la mgeni ndiko kugumu.

Matokeo hayakubaki kwenye makabati. Mwaka 2012 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti wa watu wa Basel uliotumia aina 14 za modeli hiyo kukadiria chanjo ya malaria ingesaidia kiasi gani, na ingetolewaje. Chanjo iliyokuwa ikijadiliwa miaka hiyo, RTS,S, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi mapana Oktoba 2021. MalariaControl.net yenyewe ilifungwa mwaka 2016, lakini programu yake, OpenMalaria, iko wazi chini ya leseni ya GPL na yeyote anaweza kuichukua. Nitairudia hiyo.

Si kila kazi inakatika hivyo. Africa Rainfall Project, ulioanzishwa Oktoba 2019 na Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi ndani ya mtandao wa kompyuta za kujitolea wa World Community Grid, ulibuniwa kukokotoa mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa umakini wa kilomita moja. Bara limekatwa vipande zaidi ya 35,000, na kila kipande kinakokotolewa saa 48 za hali ya hewa, kisha saa 48 zinazofuata, hadi mwaka utimie. Hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ile ya kwanza kurudi. Kompyuta moja ikizimika na kazi mkononi, kipande hicho kinakwama hadi muda upite na seva impe mtu mwingine. Ukiwa Salamabila, tofauti ya miradi hii miwili ni kubwa kuliko tofauti ya malaria na mvua. Ule wa kwanza unavumilia mashine inayowaka na kuzimika. Huu wa pili unaumizwa nayo.

Sasa tuje nyumbani. Salamabila iko wilayani Kabambare, mji uliokua kwa dhahabu. Jirani yake ni mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ya Kanada iliutangaza kuwa katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, kisha ikausimamisha mwaka 2019 katika hali ya vita na utekaji nyara. Gridi ya SNEL, shirika la umeme la taifa, haifiki. Anayetaka umeme ananunua paneli ya sola au jenereta, na mafuta ya jenereta yanafika kwa pikipiki na malori katika barabara ambayo kila mpitaji ana kisa chake. Kompyuta ya mezani utaikuta kwenye chumba cha fotokopi na uchapaji, shuleni, parokiani, kwenye ofisi ya shirika au kituo cha afya. Nyingi ni za mtumba, na Linux inazifaa kwa sababu haili kumbukumbu nyingi na haina leseni ya kununua.

BOINC ilijengwa juu ya dhana ya nguvu inayokaa bure: kompyuta imewashwa, mwenyewe hayupo, basi itumike. Chukua mashine ya mezani ya mtumba inayokula wati 60 ikiwa tulivu na wati 120 ikibanwa na hesabu. Chukua na betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ambayo kwa usalama wake utaitumia nusu tu, yaani wati-saa 600. Mashine iliyobanwa itaimaliza kwa saa tano, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Hizo ni saa ambazo betri ingewasha taa za wodi ya wazazi usiku kucha na kuchaji simu za mtaa. Hapo hakuna kilichokuwa kinakaa bure.

Lakini kipo kitu kimoja kinachokaa bure kweli, nacho ni jua la mchana betri ikishajaa. Kidhibiti cha chaji kinapoona betri imeshiba kinabana mkondo, na kile ambacho paneli ingezalisha hakizalishwi. Mahali penye paneli za kutosha, hali hiyo huja kila siku ya jua kali, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ziada hiyo huwezi kuiuza wala kuitunza. Kuigeuza kuwa hesabu ni matumizi halali kabisa.

Usakinishaji si kazi. Kwenye Debian au Ubuntu unaandika `sudo apt install boinc-client boinc-manager`, na huduma inaanza yenyewe chini ya mtumiaji anayeitwa boinc, faili zake zikikaa kwenye /var/lib/boinc-client. Ugumu uko kwenye mipangilio, kwa sababu ile ya kawaida imeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye umeme na intaneti isiyokatika.

Wengi wataona kisanduku cha kuizuia programu isifanye kazi kompyuta ikiwa kwenye betri, watakiweka alama na kulala usingizi. Kwenye kompyuta ya mapajani kinafanya kazi. Kwenye kompyuta ya mezani iliyounganishwa na inveta hakifanyi lolote! Betri iko nje, chini ya meza, na Linux haina habari nayo. Inachokiona ni umeme wa ukutani. BOINC itakokotoa kwa uhakika wote mpaka inveta ilie na kukata. Kinga ya kwanza ni saa. Ndani ya faili la global_prefs_override.xml unaweka start_hour 10 na end_hour 15, kisha unaiambia programu isome upya kwa `boinccmd --read_global_prefs_override`. Angalia hapo: faili linahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Anayeandika 4 akimaanisha saa nne asubuhi ameiamsha mashine saa kumi alfajiri, betri ikiwa hoi.

Saa pekee haitoshi msimu wa mvua, maana Maniema wingu linaweza kukaa siku nzima. Kama kidhibiti chako cha chaji kina tundu la data, unganisha waya na uandike skripti fupi ya kusoma volti kila dakika chache. Betri ya risasi ikiwa juu ya volti 13.5 huku chaji ikiendelea, skripti inaita `boinccmd --set_run_mode auto`. Ikishuka, inaita `never`. Kama hakina tundu, mtu mwenye macho na kitufe cha kusimamisha anatosha.

Kuzimika ghafla kunatisha kuliko kunavyodhuru. Programu nyingi za BOINC huhifadhi zilipofikia kila baada ya muda, na programu ya mteja yenyewe hutunza nakala mbili za hali yake, client_state.xml na client_state_prev.xml, ili moja ikiharibika katikati ya kuandikwa nyingine iwepo. Unachopoteza ni dakika chache, ikiwa mradi uliouchagua unahifadhi mara kwa mara. Kazi zinazoendeshwa ndani ya VirtualBox ziache. Ni nzito na zinakula diski.

Kuhusu mtandao, mega ni pesa. Kuna kikomo cha kuhamisha data kwa siku unachoweza kuweka kwa megabaiti, na kuna akiba ya kazi ya siku unazotaka. Ushauri wa kawaida kwa mwenye mtandao hafifu ni kuongeza akiba. Hapa ningesema punguza. Mashine inayofanya kazi saa tano kwa siku ikijibebesha kazi za siku kumi itazikosa tarehe za mwisho, na kazi iliyochelewa imekula umeme bure kwa kuwa mwingine ameshapewa. Punguza pia idadi ya viini vya prosesa vinavyotumika hadi nusu, kwa ajili ya joto na vumbi. Wala usitegemee programu igundue kwamba mtu yuko kwenye kibodi. Huduma inayoendeshwa na mtumiaji mwingine, hasa kwenye kompyuta ya Wayland, mara nyingi haioni kipanya kikisogea.

Je, inafaa? Kwa kituo chenye paneli za ziada na kompyuta iliyokwisha kununuliwa, inafaa, ndani ya saa hizo tano na kwa miradi yenye kazi fupi. Kwa anayewasha jenereta, haifai hata kidogo, na asidanganywe na neno sayansi. Kongo pekee inabeba zaidi ya kesi moja kati ya kumi za malaria duniani, ya pili baada ya Nijeria. Mafuta ya jenereta ya kituo cha afya yana mwenyewe, naye ni friji ya chanjo.

Nami ningewaomba wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vya Kasongo, hapa Maniema, watazame mbali kidogo kuliko kujitolea. OpenMalaria inaendeshwa kwenye Linux bila BOINC na bila mtandao. Kijiji cha kubuni kinaandikwa kwenye faili la maandishi: umri wa watu, misimu ya mbu, vyandarua vilivyogawiwa. Takwimu za wagonjwa za Kabambare na Salamabila zimo kwenye madaftari ya vituo vya afya. Zikiingizwa humo, kompyuta mbili tatu za chuo, kwa jua la mchana tu, zinaweza kukokotoa maswali ya Maniema ambayo seva ya Basel haikuwahi kuulizwa. Anzeni na daftari la kituo kimoja.