Evangeline: Uvumilivu na Haki

Evangeline ya Henry Wadsworth Longfellow, iliyotoka mwaka wa 1847, ni shairi refu lenye kusimulia habari. Wengi wanalisoma kama hadithi ya mchumba aliyepotelewa na mwenzake. Sisi tunaona ndani yake ulizo zito kwa Mkristu: mtu aliyeonewa ashike njia gani?

Msingi wa habari ni kweli. Mwaka wa 1755 Waingereza waliwafukuza katika inchi ya Acadie Wakatoliki wenye asili ya Ufaransa. Kule Grand-Pré wanaume waliitwa kanisani, wakasomewa amri: mashamba, nyumba na mifugo yao ni mali ya mfalme, nao watapandishwa merikebu. Katika shairi, Basil mhunzi anasimama kwa hasira. Askari anampiga kinywani na kumwangusha. Kisha Padri Felician anaingia, anawakumbusha Msalaba na masamaha.

Je, padri huyu anafundisha woga? Hapana. Hasemi kwamba amri ile ni ya haki; anakataza chuki tu. Na Evangeline, mwenye kumtafuta Gabriel mpaka Louisiana na mbali zaidi, hakai akingoja. Anatembea. Uvumilivu wake ni kazi. Gabriel anapita karibu naye mtoni yeye akiwa usingizini. Hata hivyo hachoki. Mwishoni mapendo yaliyomkosa mtu mmoja yanawaenea maskini na wagonjwa wa Philadelphia, anakotumika kama sista. Kati yao anamkuta Gabriel, mzee sasa, akikata roho. Hapo ndipo uzuri wa kitabu.

Lakini kuna upungufu. Longfellow anaonyesha machozi kuliko kosa. Mabaya yanafika kama tufani ya baharini. Hasemi kwamba askari wa Grand-Pré, pamoja na mkubwa wao John Winslow, walitoka Massachusetts, katika New England, kwao Longfellow mwenyewe. Hivi wasomaji wa kwao waliweza kulia bila kujiuliza neno. Naye anayesamehe lazima ajue anasamehe nini. Masamaha bila ukweli ni kusahau tu.

Basi, wandugu, tukisoma shairi hili tusimwache Basil pale chini sakafuni. Hasira yake ilitaja kosa kwa jina. Sala ya padri iliitakasa hasira ile. Mmoja bila mwingine hatoshi.