Sauti Iliyokuja Mapema Mno

Tuanzie pale pale nje ya duka la Joseph Hochschild, mjini Pair-a-Dice. Michael Hosea amekuja kuuza mazao ya shamba lake. Angel anapita barabarani, Magowan yuko kando yake kumlinda. Michael hajui jina la mwanamke huyu, hajui analala wapi, hajamsikia akitamka hata neno. Ndipo sauti ya Mungu inamjia: huyu ndiye. Francine Rivers ameiweka sauti hiyo ndani ya riwaya yake, Redeeming Love, waziwazi, kwa herufi zilizochapwa tofauti na maandishi mengine, msomaji asije akadhani ni moyo wa kijana tu unaodunda. Ni uamuzi mbovu. Nilisema hivyo nilipokisoma kitabu mara ya kwanza, nikarudia kusema filamu yake iliyoongozwa na D.J. Caruso ilipotoka mwaka 2022 na watu wakakikimbilia kitabu upya, na nasema tena leo kwa sababu karibu kila riwaya mpya ya mapenzi ya kiimani ninayoifungua ina sauti yake nje ya duka.

Tazameni kinachopotea. Riwaya ya mapenzi yenye taharuki husimama juu ya maswali mawili: je, huyu ndiye? Na je, watafikiana? Hapa yote mawili yamejibiwa kabla wahusika hawajasalimiana. Mwenyezi Mungu hakosei. Akisema ndiye, basi ndiye, na kuanzia hapo msomaji hangoji kuona kama watakuwa pamoja, anangoja kuona ni lini tu. Michael naye anapungua. Anapotoa dhahabu yake usiku baada ya usiku apate nusu saa ya kuzungumza na Angel kule Palace, danguro anakofanya kazi, tungepaswa kumwona mwanamume anayemchagua mwanamke huku kila kitu kikimwambia aache. Tunachomwona ni mtumishi anayetimiza agizo. Utaniambia anabisha, anakasirika, anaondoka. Ni kweli. Lakini kubisha na sauti ambayo msomaji anajua itashinda ni kupoteza kurasa.

Kinachoniuma zaidi kinakuja baadaye. Magowan amempiga Angel nusura amuue, na Michael anamwomba ndoa akiwa katika hali hiyo. Kibali kinatoka kwa mtu ambaye hata fahamu zake hazijatulia. Mwandishi aliyemwacha mhusika wake afanye hivyo kwa akili yake mwenyewe angelazimika kumfikisha mbele ya msomaji ajibu: kwa nini hukungoja apone? Swali hilo lingeweza kubeba sura nzima, na lingemfanya Michael awe mtu. Sauti imemwondolea hesabu hiyo. Ameagizwa, basi. Mtunzi anapompa shujaa wake kinga ya namna hii, anamnyima Angel haki ya kukasirika na kuonekana ana sababu. Kila akitoroka anaonekana anamkimbia Mungu, wakati kwa akili ya kawaida anamkimbia mwanamume asiyemfahamu aliyemwoa akiwa hajiwezi.

Watetezi wa Rivers hunijia na Biblia mkononi. Huyu ni nabii Hosea, wanasema, na Mungu alisema naye tangu sura ya kwanza, akamwagiza aoe kahaba. Nakubali, lakini Hosea ni kitabu cha unabii. Kina sura 14, na ndoa yenyewe imo katika tatu za mwanzo tu. Gomeri, mke wa nabii, anaolewa, anazaa, ananunuliwa tena kwa fedha na shayiri, na hatuambiwi alihisi nini. Nabii hakuwa anaandika riwaya. Rivers alifanya jambo kubwa na la haki: alimpa Gomeri utoto, mama, kilio na sababu. Angel ana kitabu kizima cha kujieleza. Kosa ni kumvusha mke huyo hadi kwenye riwaya na kumwacha mume kwenye unabii.

Kama Rivers anataka mfano ndani ya Biblia ile ile, Ruthu yupo. Sura nne, mapenzi na taharuki, na Mungu hasemi hata neno moja kwa sauti yake. Ruthu anashuka usiku hadi uwanja wa kupuria nafaka. Boazi, jamaa wa marehemu mumewe, anagutuka, anakuta mwanamke miguuni pake. Tunadhani mambo yameisha, kumbe yuko jamaa wa karibu zaidi mwenye haki ya kwanza. Asubuhi langoni jamaa huyo anakubali kulikomboa shamba la familia, na kwa muda mfupi kila kitu kimepotea, mpaka anapoambiwa kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu, ndipo anapojitoa. Imani imejaa kila mstari, ila wanaoamua ni watu.

Na kama lazima sauti iwepo, Charlotte Brontë alionyesha pa kuiweka mwaka 1847. Jane Eyre anasikia jina lake likiitwa mara tatu usiku, karibu na mwisho, wakati St John, anayemshinikiza waoane, amekaribia kabisa kumshinda, naye amekwisha kuomba aonyeshwe njia. Ni sauti ya Rochester, mwanamume anayempenda, aliye mbali sana. Haimpi agizo lolote. Jane ndiye anayeamua kwenda. Baadaye Rochester anamsimulia kwamba usiku ule alimwita, na Jane ananyamaza, hamwambii kwamba alimsikia. Brontë aliitumia sauti yake mara moja, baada ya mamia ya kurasa za kuilipia.

Janette Oke hakuihitaji hata hiyo moja. Katika Love Comes Softly ya mwaka 1979, Marty amefiwa na mume huko nyikani, Clark Davis anamwomba waoane kwa ajili ya binti yake mdogo Missie, na anamwahidi kwamba msafara wa magari ya kukokotwa ukipita majira ya kuchipua, akitaka kurudi kwao atamlipia nauli. Ahadi hiyo moja ndiyo saa ya riwaya nzima. Clark anasali mezani, anasoma Maandiko, anapanda mbegu. Theluji ikianza kuyeyuka msomaji anashika pumzi. Hakuna bastola wala sauti.

Riwaya za taharuki za kiimani za leo zimeongeza ugonjwa wa pili: risasi ukurasa wa kwanza, mwanamke anakimbia, polisi mwenye kidonda cha zamani anatokea, na kabla ya sura ya pili kuisha mmoja wao ameshahisi kwamba Mungu amewakutanisha. Dee Henderson katika The Negotiator (2000) aliifanya imani iwe kizuizi cha kweli kati ya wahusika wake wawili, Kate O'Malley na Dave, na ndiyo maana bado inasomeka.

Rivers anajua kazi. Jina halisi la Angel anamficha Michael hadi mwisho, na limewekwa vizuri. Kitabu kilitoka 1991, kikahaririwa upya kwa ajili ya wasomaji Wakristo 1997, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ilikuwepo. Ningeifuta sauti ya dukani. Ningemwacha Michael na makreti yake mikononi, amemwona mwanamke, hajui kwa nini hawezi kurudi shambani. Ningemwacha akosee pale Palace, amwoe vibaya, ajute, aombe na asijibiwe. Kisha Angel anapoondoka kwa mara ya mwisho kwenda San Francisco ili Michael apate kumwoa Miriam, binti wa majirani, na kuzaa watoto, na safari hii Michael hamfuati, miaka mitatu inapita, shamba lipo, kitanda ni kitupu. Hapo, usiku mmoja, ningekubali asikie kitu.