Pole pole iliyomfikisha Fiennes kilele cha Everest

Mwezi Mei 2009, Ranulph Fiennes, mpelelezi wa nchi za barafu kutoka Uingereza, alifika kilele cha Everest akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa akichangisha fedha za Marie Curie, shirika ambalo wauguzi wake huwahudumia majumbani wagonjwa wanaokaribia kufa. Sifa nyingi alizomiminiwa zilihusu ujasiri wake, na hapo ndipo uchambuzi unapopotea njia. Ujasiri alikuwa nao tangu ujana, na ulimwangusha mara mbili kwenye mlima huohuo. Mwaka 2005, akipandia upande wa Tibet, moyo ulimbana usiku akiwa kwenye kamba, zikiwa zimebaki mita 300 hivi. Mwaka 2008, upande wa Nepal, nguvu zilimwishia, akashuka. Mara ya tatu alichobadilisha ni mwendo.

Tuanze na mwili wenyewe. Juni 2003 Fiennes alipata mshtuko wa moyo, akapasuliwa na kuwekewa mishipa ya kupitisha damu kando ya ile iliyoziba. Hata moyo usio na maradhi hupunguza kiwango chake cha juu cha mapigo kadiri umri unavyosonga. Na kwenye kilele cha Everest, shinikizo la oksijeni ni kama theluthi moja ya lile la pwani. Kwa hiyo mzee hupanda akiwa na akiba ndogo mahali penye gharama kubwa; akiharakisha kwa dakika chache tu, misuli hudai oksijeni ambayo moyo hauna namna ya kuileta, na deni hilo halilipiki kule juu. Fiennes alieleza kwamba safari za awali alijikuta akishindana na wenzake. Mwaka 2009 alipanda na Msherpa mmoja wa kumwongoza, akajiambia kwamba mwinuko ule hauna mwisho, kazi yake ni kutembea tu. Mwendo huo una ufundi wake: goti la mguu wa nyuma hunyooshwa ili uzito ukae kwenye mfupa, msuli upumzike, pumzi ivutwe na kutolewa, ndipo mguu wa mbele ubebe mwili. Waongozaji wa Kilimanjaro huufundisha kila siku kwa maneno mawili, pole pole, na wageni wengi hudhani ni maneno ya kuwatia moyo tu.

Wapo wanaosema mitungi ya oksijeni inapunguza thamani ya tendo lile. Sikubaliani nao: mitungi hupunguza makali ya kimo, lakini mwenye kukimbilia kilele huishiwa nguvu hata akiwa nayo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hatari ya mzee huwaangukia Masherpa watakaolazimika kumshusha. Hilo ni kweli, na jibu lake linapatikana katika safari zile mbili zilizoshindikana: Fiennes aligeuka angali na uwezo wa kushuka. Lakini mchango unaotolewa kwa sharti la kufika kileleni humnyima mpandaji uhuru huo wa kugeuka, kwani kila hatua ya kurudi inakuwa fedha anayomnyang'anya mgonjwa. Mashirika ya hisani yanayotuma wazee milimani yanapaswa kupokea ahadi za safari yenyewe, hata ikiishia kambi ya pili.